Je, Wajua? Tokeni Husafiri Ndani ya Waya wa Stima

Katika nyumba nyingi za Nakuru, mtaa wa Milimani ukiwemo, utakuta kijisanduku chenye vitufe kimechomekwa kwenye soketi. Mita yenyewe iko nje, pengine juu ya nguzo. Ukibonyeza tarakimu 20 za tokeni, ujumbe huifikia mita kwa kupitia nyaya zilezile za stima. Hata tokeni zikiisha na nyumba ikawa giza, kijisanduku chenye betri nzima bado kitaongea na mita, kwa kuwa ujumbe hauhitaji stima ya nyumba, hupita kwenye waya uleule.

Mbona basi tusiletewe intaneti kwa njia hiyo, ilhali waya umeshafika kila chumba?

Inawezekana. Stima yetu huenda kwa mawimbi 50 kila sekunde. Data hupandishwa juu yake kwa mawimbi mamilioni, kisha kifaa cha upande wa pili huitenga. Katika nyumba za kuta nene za mawe, ambako Wi-Fi hufifia, adapta mbili za aina hii, moja karibu na ruta na nyingine chumba cha mwisho, husaidia sana. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, na mbali na chaja hafifu, maana hizo hutia kelele kwenye waya.

Kazi ngumu iko barabarani. Transfoma imeundwa kwa mawimbi 50. Yale ya mamilioni huyadhoofisha vibaya, hivyo kila transfoma hudai kifaa cha kuyavusha. Nyumba zote zinazoitegemea hugawana njia moja. Isitoshe, waya ulio wazi nguzoni hugeuka antena na kuvuruga redio za masafa mafupi. Mji wa Manassas, jimbo la Virginia, Marekani, ulianza kuuza intaneti hiyo mwaka 2005. Kufikia 2010 wateja walikuwa mia chache, ukaifunga.

Kenya Power hupitisha faiba kwenye laini zake na kuikodisha kwa kampuni za mawasiliano, na kwangu hiyo ndiyo njia ya busara. Katika laini kubwa, faiba yaweza kufichwa ndani ya waya wa juu kabisa, ule unaokinga radi. Data humo ni mwanga ndani ya kioo, na kioo hakipitishi umeme. Volti 132,000 zikipita mita chache chini yake, mwanga hauvurugiki.