Kodi ya Mapato ni Kodi ya Nini? Uamuzi wa Mahakama na Maana Yake kwa Mfanyabiashara

Kila mwaka, mwenye duka hulipia leseni ya biashara kwa Serikali ya Kaunti. Hatimaye hutakiwa pia kulipa kodi kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Wakazi wengi huuliza iwapo hii si kodi moja inayotozwa mara mbili. Jibu ni la, na sababu yake imo katika Katiba.

Kifungu cha 209 kinagawa mamlaka ya kutoza kodi. Ni Serikali ya Kitaifa pekee inayoweza kutoza kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, kodi nyingine inayoidhinishwa na Sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa. Leseni za biashara zimo katika majukumu ya kaunti yaliyoorodheshwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba.

Kwa hivyo, leseni ni malipo ya idhini ya kufanya biashara mahali fulani. Hulipwa hata kama biashara haijapata faida. Kodi ya mapato ni tofauti: hutozwa kwa kile mtu alichopata.

Lakini “mapato” ni nini hasa? Swali hilo lilifika mahakamani baada ya Sheria ya Fedha ya 2020 kuanzisha kodi ya kiwango cha chini, iliyotarajiwa kuanza Januari 1, 2021. Kampuni na wafanyabiashara waliohusika wangelipa asilimia 1 ya jumla ya mauzo yao, hata wakipata hasara.

Chukua mfano wa biashara iliyouza bidhaa za Sh60 milioni kwa mwaka, huku gharama zake zikiwa Sh61 milioni. Imepata hasara ya Sh1 milioni. Hata hivyo, chini ya kodi hiyo ingedaiwa Sh600,000. Pesa hizo zingetoka kwenye mtaji au mkopo.

Wenye baa wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, walikuwa miongoni mwa waliopinga. Mnamo Septemba 20, 2021, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu mjini Machakos aliamua kwamba kodi hiyo ilikiuka Katiba. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo Desemba 2022. Kiini cha hoja ni kwamba kodi ya mapato hulenga faida, na mauzo si faida. Aidha, Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Funzo ni kwamba jina la kodi pekee halitoshi. Kinachotazamwa ni kile kinachotozwa.

Hata hivyo, kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo bado ipo. Kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, anayeuza zaidi ya Sh1 milioni lakini asiyezidi Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo, na hulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tofauti ni kwamba sheria inamruhusu kujiondoa. Akimwandikia Kamishna wa KRA, anaweza kutozwa kwa njia ya kawaida, yaani kwa faida baada ya kutoa gharama. Hilo humfaa mwenye faida ndogo, mradi awe na vitabu vya hesabu na stakabadhi.

Mkazi anayedaiwa malipo yoyote ana haki ya kuuliza maswali matatu: Je, ni kodi, ada au leseni? Ni sheria gani inayoyaruhusu? Nani mwenye mamlaka ya kuyapokea? Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria.

Kwa upande wa kaunti, viwango vya ada hupitishwa na Bunge la Kaunti kupitia Sheria ya Fedha ya Kaunti, baada ya wananchi kutoa maoni. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria vikao hivyo, na kudai stakabadhi kila wanapolipa.