MUHOGO MCHUNGU NA MISHIPA YA FAHAMU



Mwezi wa Septemba 2017, watu 98 wa magharibi ya Uganda waliugua ghafla baada ya kula ugali wa unga wa muhogo. Wawili kati yao walikufa. Habari za kwanza zilitoka wilaya ya Kasese, baada ya mazishi. Uchunguzi ulionyesha kuwa unga ule ulitokana na muhogo wa mwituni wenye sumu nyingi.

Wengi wetu tunajua kuwa muhogo mchungu huumiza tumbo. Lakini sumu hiyo inaweza pia kuharibu mishipa ya fahamu, na madhara yake hayaponi. Ili kuelewa sababu, tuangalie kwanza mishipa hiyo inavyofanya kazi.

Mishipa ya fahamu ni nini?

Mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Kazi yake ni kupeleka habari mwilini. Makao makuu yake ni ubongo, wenye uzito wa karibu kilo 1.4 kwa mtu mzima, na ugwe mgongo. Ugwe mgongo ni kamba laini yenye urefu wa sentimita 45 hivi, iliyopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Jozi 12 za mishipa hutoka kwenye ubongo na jozi 31 kwenye ugwe, zikaenea mwili mzima.

Ukikanyaga kaa la moto, habari hupanda mguuni hadi kwenye ugwe. Papo hapo amri hurudi, nawe unainua mguu hata kabla ubongo haujatambua maumivu.

Seli za fahamu

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ubongo peke yake una seli za fahamu bilioni 86 hivi. Kila seli ina kiwiliwili, matawi mafupi ya kupokea habari, na mkia mrefu wa kupeleka habari.

Mkia huo unafanana na waya wa umeme. Waya wa shaba, kama shaba iliyokuwa ikichimbwa Kilembe, huvikwa mpira ili umeme usipotee njiani. Mkia wa seli nao mara nyingi huvikwa ala ya mafuta ili habari ipite upesi. Ziko pia seli wasaidizi, ambazo hutengeneza ala hiyo, na kulisha na kulinda seli za fahamu. Seli ya fahamu ya ubongo au ya ugwe ikifa, kwa kawaida haioti nyingine mahali pake.

Sumu inavyodhuru

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Sumu ya muhogo, iitwayo sayanaidi, huzuia seli kutumia oksijeni hiyo. Hewa ipo, lakini seli haiwezi kuitumia.

Mwili huweza kuondoa sumu kidogo kwa msaada wa protini za maharage, samaki, mayai na nyama. Mtu akila muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, bila vyakula hivyo, yumo hatarini. Zile nyaya ndefu zinazotoka ubongoni kuamuru miguu huharibika, na miguu yote miwili hukakamaa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya kusini magharibi mwa Kongo, wala halihusiani na kabila la Wakonzo. Huwapata zaidi watoto na wanawake.

Konzo ilizuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ikapata watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ilionekana Tarime, Tanzania. Mara zote mbili kulikuwa na ukame. Wakati wa njaa, watu hupunguza siku za kulowesha muhogo, na hapo ndipo hatari inapoingia. Konzo si uchawi, wala haiambukizi.

Tufanye nini?

1. Menya muhogo mchungu, uloweke majini siku tatu au zaidi hadi ulainike, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa.

2. Kama hujui unga ulivyoandaliwa, uchanganye na maji hadi ulowe wote. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo.

3. Usile muhogo wa mwituni, wala usiuchanganye katika unga wa kuuza.

4. Kula ugali wa muhogo pamoja na maharage, dagaa au karanga kila upatapo.

Nenda kituo cha afya upesi

Baada ya kula muhogo, mtu akitapika, akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kuzirai, apelekwe mara moja. Mtoto ambaye miguu yake imelegea au kukakamaa ghafla apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa konzo au polio. Aliyekwisha kupata konzo asifichwe nyumbani. Kwa mazoezi na fimbo ya kutembelea anaweza kujisaidia, kusoma na kufanya kazi.