Je, Wajua? Kitabu Kisichokuwa na Mwanamke Hata Mmoja

Je, wajua kwamba kuna jumba la makumbusho mjini Washington lililozaliwa kwa sababu ya jina lililokosekana kitabuni? Katika miaka ya 1970, Wilhelmina Cole Holladay na mumewe Wallace walikuwa wakizunguka Ulaya kutazama sanaa. Mjini Vienna walivutiwa na kazi ya Clara Peeters, mchoraji wa Flanders wa karne ya 17 aliyechora samaki, jibini, maua na vikombe vilivyopangwa mezani. Walipofika Madrid, wakamkuta tena katika makumbusho ya Prado. Waliporejea Marekani wakafungua kitabu cha historia ya sanaa cha H. W. Janson, kilichokuwa kikisomeshwa vyuoni kote nchini humo. Peeters hakuwamo. Wakapekua zaidi: hakuwamo mchoraji mwanamke hata mmoja, tangu picha za mapangoni hadi karne ya 20.

Uwezo walikuwa nao, basi wakaanza kununua kazi za wanawake, na wakazinunua kwa miaka mingi. Kabla ya kupata jengo, wageni walizitazama nyumbani kwao Georgetown, wakitembezwa na waelekezi. Makumbusho yenyewe yalisajiliwa mwaka 1981, na Aprili 1987 Barbara Bush, aliyekuwa mke wa makamu wa rais, akakata utepe.

Na jengo walilonunua lilikuwa la nani? La Freemason! Lilimalizika mwaka 1908 kwa ajili ya mikutano ya chama ambacho uanachama wake ulikuwa wa wanaume peke yao.

Je, wajua kwamba Peeters alijificha ndani ya picha zake? Tazama kwa makini kikombe cha dhahabu au mtungi wa bati: penye mng'ao pana kijisura cha mwanamke, pengine ameshika ubao wa rangi. Katika picha moja ya mwaka 1612, iliyopo Karlsruhe, Ujerumani, amejichora hivyo mara kadhaa juu ya kikombe kimoja. Mara nyingine aliandika jina lake ubavuni mwa kisu cha fedha kilicholala mezani, kana kwamba fundi ndiye aliyelichonga. Prado, iliyofunguliwa mwaka 1819, ilisubiri hadi 2016 ndipo ikaandaa kwa mara ya kwanza maonyesho ya mchoraji mmoja mwanamke. Mchoraji huyo alikuwa yeye.

Kisa cha Judith Leyster wa Uholanzi kinaudhi zaidi. Alipokuwa hai alitambuliwa na chama cha wachoraji cha Haarlem, akawa na wanafunzi wake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1660 jina likafifia, na kazi zake zikauzwa kama za mchoraji mwanamume mashuhuri, Frans Hals. Mwaka 1893 mtaalamu wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot aliitambua alama yake, herufi za jina pamoja na nyota, kwenye picha iliyosifiwa kuwa miongoni mwa kazi bora za Hals. Ungedhani wafanyabiashara wangefurahi kumgundua msanii mpya. Wapi! Mnunuzi alikuwa ameshamshtaki aliyemuuzia, na shauri likaisha kwa kupunguziwa bei. Rangi ilikuwa ileile na picha ileile. Leo kazi ya Leyster inayoonyesha watu wakipiga muziki ni mojawapo ya hazina za jumba la Holladay.

Humo pia imo picha ambayo Frida Kahlo wa Meksiko alijichora mwaka 1937, ameshika karatasi yenye maneno ya kumtunukia Leon Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekuwa mkimbizi nchini humo. Trotsky alipohama nyumba ya akina Kahlo, picha akaiacha. Mwandishi na mwanasiasa Clare Boothe Luce akainunua, na kupitia kwake ikafika Washington.

Si wote waliompongeza Holladay. Baadhi ya wanaharakati waliuliza kwa nini wanawake watengewe jumba lao, badala ya kudai nafasi katika majumba makubwa. Swali ni halali, lakini majumba hayo yalikuwa yamepewa karne nzima na zaidi. Toleo la kitabu cha Janson lililotoka mwaka 1986, likisimamiwa na mwanawe, ndilo hatimaye lililowaingiza wanawake kadhaa. Holladay alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 98.

Je, wajua, tukimalizia, kwamba Lavinia Fontana wa Bologna, ambaye picha yake ya bibi wa kitajiri aliyevaa vito imo katika mkusanyo huo, alizaa watoto 11 huku akiilisha familia kwa brashi? Aliolewa mwaka 1577, na mapatano ya ndoa yalitegemea kipato cha uchoraji wake. Mumewe, Gian Paolo Zappi, naye alikuwa mchoraji. Inasimuliwa kwamba mke alichora nyuso, mume akasaidia kujaza nguo.