Mia Mbili na Mia na Mbili

Mtoto wa darasa la pili kule Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, akitumwa dukani na buku jero mkononi hapotei. Anajua buku ni elfu moja na jero ni mia tano, na anajua chenji irudi ngapi. Sasa mpe kalamu aandike fedha hiyohiyo. Huenda akaandika 1000500.

Anayesahihisha kwa haraka ataliona kosa tu. Lakini mtoto kaandika alichokisikia, kipande kwa kipande: elfu moja, kisha mia tano. Masikio yake ni mazima kabisa. Mwaka 1990 watafiti Power na Dal Martello walichapisha matokeo ya kuwasomea namba watoto wa Italia wa umri wa miaka saba hivi ili waziandike, na makosa waliyoyakuta yalikuwa ya ukoo huohuo, sifuri zimerundikana ndani ya mamia na maelfu. Ulimi huunganisha vipande. Tarakimu hutegemea nafasi iliyokaa.

Kiswahili nacho kina mtego wake, na umo katika neno dogo mno. Mia mbili ni 200. Mia na mbili ni 102. Mbili imekuja baada ya mia mara zote mbili, ila ya kwanza inazidisha na ya pili inajumlisha, na kinachozitenganisha ni "na" peke yake. Mtoto asiyefundishwa kuisikiliza "na" hiyo atayumba. Hata watu wazima huyumba: "elfu mia mbili" ni 200,000 au ni 1,200? Sokoni utata huo huepukwa kwa neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, laki. Laki mbili, mambo yakaisha.

Mahali pengine lugha yetu inamsaidia mtoto sana. Kevin Miller na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1995, waliwalinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani katika kuhesabu. Hadi kumi walikwenda sambamba. Baada ya hapo Wamarekani wakaachwa nyuma, kwa kuwa Kichina husema wazi "kumi moja, kumi mbili". Mtoto wetu naye huipata zawadi hiyo bure: kumi na moja, kumi na mbili, hadi kumi na tisa.

Kisha huja ishirini, na pazia hushuka. Thelathini haina tatu ndani yake, wala hamsini haina tano, kwani majina ya makumi tuliyapokea kutoka Kiarabu. (Sitini, sabini na tisini hushikika upesi kwa sababu sita, saba na tisa zenyewe ni za Kiarabu.) Inafaa basi mwalimu aseme yote mawili: thelathini, yaani makumi matatu. Si jambo geni pwani. Wakulima na mabaharia waliohesabu mwaka kuanzia Nairuzi waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za kufungia mwaka. Walihesabu makumi kama vitu, kama mafungu.

Na mafungu ndiyo kazi ya darasani: vijiti kumi vifungwe kwa kamba viwe fungu moja la kumi, mafungu kumi yafungwe tena yawe mia. Mtoto avifunge mwenyewe, avifungue mwenyewe. Baada ya hapo zije kadi za Maria Montessori, ambazo hupandana. Kadi ya 500 hulazwa juu ya ile ya 1000, kingo za kulia zikilingana, na mtoto anasoma 1500. Sifuri za elfu hazikufutwa, zimefunikwa.

Mia tatu na tano ndiyo ngumu kuliko zote, maana mdomo hautaji makumi kabisa. Wengine huandika 35, wengine 3005. Apewe kadi ya 300 na ya 5, azipandishe, kisha aulizwe ile sifuri iliyobaki katikati inamlindia nani nafasi.