Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimeshika kalamu niwaeleze habari za daftari dogo ajabu, lile lililofichwa ndani ya vitu tunavyoshika kila siku.

Hapa Ndithini, nani asiyelijua daftari la mkopo la dukani? Ukichukua unga na sabuni, unaandikwa. Ukilipa, jina linapigwa mstari. Sasa hebu fikirini daftari hilo likipunguzwa mpaka litoshee kwenye kidude cha kutia pamoja na funguo.

Si hadithi, jamani. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2009 kampuni ya Grundfos ya Denmark, ikishirikiana na Safaricom, ilianza kujaribu uuzaji wa maji wa namna hiyo huku Ukambani. Mama alinunua maji kwa simu, kisha akakiweka kidude chake kwenye mashine ya kisima. Maji yakatoka, salio likapungua. Pesa hazikupita mkononi mwa mtu pale kisimani, na kila mtungi uliingia kwenye hesabu.

Kidude chenyewe hakina betri. Ndani mna chipu, ambayo hupata nguvu kutoka kwa mawimbi ya redio ya mashine inapokaribiana nayo. Nafasi nayo ni finyu. Chipu moja iliyoenea sana katika kadi za aina hii ina baiti 1,024 tu, yaani herufi elfu moja hivi. Makala haya hayaingii hata nusu!

Basi mwenye kutunza daftari kama hilo ana kazi tatu. Kwanza, aandike yale ya lazima tu: nambari ya mwenyewe na salio. Majina na historia vikae kwenye daftari kubwa, kwenye kompyuta za mbali. Pili, hesabu iandikwe yote au isiandikwe kabisa. Kwani mtu akiondoa kidude katikati ya kazi itakuwaje? Asipoteze shilingi kabla ya maji kutoka, wala asipewe maji ya bure. Tatu, daftari dogo na kubwa yalinganishwe kila mara mtandao unapopatikana.

Kazi hii ya tatu ndiyo yenye uzito. Wengi hudhani pesa za M-Pesa zimo ndani ya laini. La hasha! Laini hubeba siri za kuitambulisha, si pesa. Salio liko kwenye kompyuta za kampuni. Ndiyo maana simu ikipotea, ukipewa laini mpya yenye nambari yako unalikuta salio lako, mradi mwizi hakuijua namba yako ya siri. Lakini salio likiwa ndani ya kidude peke yake, kikianguka njiani limekwenda, sawa na noti iliyodondoka.

Kwa hivyo, wenzangu, mtu akikuuzia kitu chenye daftari ndani, awe ni wa maji au wa taa ya sola, muulize mambo mawili: nitaonaje salio langu, na hiki kikipotea, daftari lingine liko wapi? Akikosa jibu, shika pesa zako.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Akili ni mali!