Mdhamini Asiyedaiwa: Shauri la Ardhi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa

Katika Kiswahili, mdhamini ni mtu anayeweza kudaiwa. Aliyemdhamini mshtakiwa mahakamani hulipa iwapo mshtakiwa atatoroka. Aliyemdhamini mkopaji hulipa deni linaposhindikana. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ndilo linalotumika kufasiri mpango ambao chini yake Umoja wa Mataifa uliikabidhi Tanganyika kwa Uingereza mwaka 1946. Umbali uliopo baina ya maana ya neno na utaratibu wenyewe ulidhihirika miaka mitano baadaye katika nchi ya Wameru, ambamo Makumira imo.

Tangu enzi ya Wajerumani, sehemu kubwa ya ardhi nzuri kuuzunguka Mlima Meru ilikuwa imegawiwa walowezi, nao wenyeji wakabanwa kati ya msitu ulio juu na mashamba makubwa yaliyo chini. Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki, ilikuwa mahali pao pa kupumulia na kulishia mifugo. Tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi hiyo itengwe kwa wafugaji wa Kizungu. Wameru walikataa kuhama. Mwezi Novemba 1951 serikali ilianza kuwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kupeleka malalamiko, akishirikiana na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Husemwa mara nyingi kwamba walishindwa kwa kuwa wakubwa wa dunia hawakujali. Maelezo hayo hayatoshi, kwani waliojali walikuwa wengi. Katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao lilipita. Lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu zima mwezi Desemba, lilipata kura nyingi kuliko zile za kulipinga, lakini halikufikisha theluthi mbili zilizohitajika.

Sharti hilo la theluthi mbili halikubuniwa kwa ajili ya Wameru. Limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 18, ambacho kinayataja mambo ya udhamini miongoni mwa mambo mazito. Kifungu cha 86 nacho kiliunda Baraza la Udhamini kwa namna ambayo nchi zinazotawala zingelingana kwa idadi na zisizotawala. Kifungu cha 87 kiliruhusu malalamiko ya wananchi yapokewe, ila yachunguzwe kwa kushauriana na mtawala yuleyule anayelalamikiwa. (Msomaji na ajaribu kufikiria baraza la wazee linaloendesha shauri kwa namna hiyo!) Hata mkataba wa Tanganyika yenyewe, uliotaka mila za wenyeji kuhusu ardhi ziheshimiwe, uliacha ruhusa ya kuihamisha ardhi mikononi mwa mamlaka ya serikali. Kwa hiyo chombo kilifanya kazi jinsi kilivyoundwa: kilisikiliza vizuri sana, wala hakikuwa na mkono wa kumshika aliyedhamini.

Kasoro ya namna hiyo ilionekana tena mjini Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967. Juu kabisa walikaa marais watatu, na hapakuwa na wa kuwaamua wao kwa wao. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye. Kikao cha marais hakikufanyika tena, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Itikadi na mgawanyo wa faida vilichangia sana, lakini magomvi hayo yalikosa mahali pa kupelekwa.

Arusha ya leo ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mlango wa mwananchi kuishtaki nchi yake moja kwa moja hufunguka pale tu nchi yenyewe inapotoa tamko la kukubali. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, ikaarifu mwezi Novemba 2019 kuwa inaliondoa, na uondoaji ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Jengo la Mahakama lilibaki Arusha.