Kiesperanto: Lugha Nyepesi kwa Nani?

Utangulizi

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kumsikia mwanafunzi akilalamika kwamba ngeli zimemshinda, kisha akauliza kwa nini wataalamu wasiunde lugha rahisi ya watu wote. Wazo hilo si geni. Mwaka wa 1887, jijini Warsaw, daktari wa macho aitwaye L. L. Zamenhof alichapisha kitabu cha lugha aliyoibuni mwenyewe. Alikuwa amezaliwa Bialystok mwaka wa 1859, mji ambamo Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi kwa kutoaminiana. Aliamini kuwa lugha isiyo ya kabila lolote ingewapatanisha. Jina Kiesperanto limetokana na lakabu yake, yenye maana ya 'mwenye kutumaini'.

Sauti

Kiesperanto kina herufi 28, na kila herufi huwakilisha sauti moja. Irabu ni 5, a, e, i, o, u, sawa na zetu. Shadda huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunavyotamka kiTAbu, ndivyo inavyotamkwa espeRANto. Hadi hapo mwanafunzi wetu yuko nyumbani.

Ugumu umo katika muundo wa silabi. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, ilhali neno ŝtrumpo (soksi) huanza kwa konsonanti tatu mfululizo, ŝ ikitamkwa kama sh. Usishangae mwanafunzi akipachika irabu katikati. Ndivyo tulivyofanya tulipokopa neno kilabu kutoka Kiingereza.

Sarufi

Nomino huishia kwa -o na kivumishi kwa -a. Wingi huonyeshwa kwa -j (itamkwayo y) na yambwa kwa -n. Tazama:

(a) La bona instruisto legas libron. (Mwalimu mzuri anasoma kitabu.)
(b) La bonaj instruistoj legas librojn. (Walimu wazuri wanasoma vitabu.)

Kivumishi kimepatana na nomino kama kwetu, lakini kitenzi legas hakikubadilika. Kiambishi -as ni cha wakati uliopo, -is uliopita, na -os ujao, bila kujali nafsi. Aidha, kwa sababu ya -n, unaweza kusema Libron legas la bona instruisto na maana ya msingi isibadilike.

Jicho la mhakiki

Sasa tazama uundaji wa maneno. Patro ni baba. Ukipachika -in- unapata patrino, yaani mama. Mama ameundwa kutokana na baba! Katika Kiswahili kila neno lina mzizi wake, na kiwakilishi yeye hakibagui jinsia, ilhali Kiesperanto hutofautisha li (mwanamume) na ŝi (mwanamke). Tena mizizi yake mingi imetoka Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Zamenhof alikusudia lugha isiyo ya kabila lolote, lakini lugha za Ulaya alizozijua zimeacha alama zake humo. Hili ndilo tunalolitafuta hata tunapohakiki riwaya: lengo la mtunzi ni jambo moja, na kilichomo kazini ni jingine.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, hakuna lugha nyepesi kwa kila mtu. Huwa nyepesi kwa anayeijia kutoka karibu. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza, kama Kidholuo, haina ngeli za Kibantu anapoandika 'kitabu yangu', huyo si mvivu wala mjinga. Anatoka mbali. Kabla ya kupiga mstari mwekundu, jiulize anatoka lugha gani, kisha umwonyeshe njia. Nawe mtahiniwa, usiseme tu kwamba lugha fulani ni rahisi. Taja sauti, taja mofimu, toa mfano.

Zoezi

1. Changanua mofimu za instruistoj (instru- ni 'fundisha', -ist- ni mwenye kazi hiyo) na za wasomaji. Zinatofautianaje katika kuonyesha wingi?
2. "Lugha haiwezi kujitenga na jamii iliyoizaa." Jadili ukirejelea Kiesperanto na Kiswahili.